Kushuku si kuwaasi mababu

Katika mikutano yetu juu ya mila kuna neno linalorudiliwa sana: eti Mwafrika ni mutu wa imani kwa maumbile yake, na shaka ni ugonjwa tulioletewa na Wazungu pamoja na shule. Sisi tunaosimama mbele ya wanafunzi kila siku tunalikataa. Ni uongo, tena uongo unaotesa watoto.

Tuangalie kwanza nani alilipa nguvu. Mwaka 1945 padri Placide Tempels, Mbeljiji aliyeishi kati ya Baluba wa Katanga, alitoa kule Elisabethville, Lubumbashi ya leo, kitabu chake juu ya filozofia ya Bantu. Alitutetea mbele ya wale waliosema hatuna akili, na kwa hiyo tunamshukuru. Lakini alituchora kama watu wa wazo moja, nguvu ya uhai, wote pamoja. Ni kijiji gani kisicho na mbishi hata mmoja?

Tuende kwa Wazande, ambao wako Uele kwetu na ngambo ya mpaka pia. Mwingereza Evans-Pritchard, aliyekaa nao upande wa Sudani kuanzia mwaka 1926, alieleza katika kitabu chake cha 1937 jinsi walivyotumia sumu ya benge. Kuku wa kwanza alipewa sumu: kama fulani ana hatia, kuku afe. Jibu hilo moja halikutosha. Kuku wa pili alipewa, na swali likageuzwa: kama ni kweli, huyu apone. Majibu yakipingana, hakuna hukumu. Na juu ya wafumu wao, Wazande walisema bila kuficha kwamba wengi ni wadanganyifu.

Kweli, shaka yao ilikuwa na mpaka. Walimshuku mufumu, hawakuushuku ulozi wenyewe. Benge ikikosa, walisema sumu imeharibika ao mwiko umevunjwa. Hapo hatuwafuati. Lakini walijua kwamba jibu linapaswa kujaribiwa.

Sasa angalieni vyumba vya sala vya leo. Baba anapoteza kazi, mtoto anakojoa kitandani, nabii anaota ndoto, basi: mtoto ni mulozi, afukuzwe. Kuku wa pili yuko wapi? Katiba ya 2006, katika artikulo 41, inakataza kumshitaki mtoto ulozi. Sheria ya 10 Januari 2009 inampa mwenye kushitaki kifungo cha mwaka 1 mpaka miaka 3. Sheria iko; kinachokosekana ni mutu wa kuuliza.

Tutaambiwa: ninyi mnatuletea mambo ya Hume. David Hume, mwanafilozofia wa Scotland, alifundisha mwaka 1748 kwamba habari ya muujiza ipimwe: ni nini chepesi zaidi, mambo ya asili yapinduke, ao msimulizi awe amekosea? Mizani hiyo tunaipokea. Lakini Hume huyo huyo aliandika mwaka 1753 kwamba anashuku watu weusi wako chini ya weupe kwa maumbile. Hapo mizani yake aliiweka chini, na Mskoti mwenzake, James Beattie, alimkosoa mwaka 1770. Basi hatumfanyi Hume kuwa nabii mwingine. Mutu yeyote, mweupe ao mweusi, msomi ao mkulima, huamini upesi kile kinachofurahisha kiburi chake ao kutuliza woga wake. Ndiyo sababu akili inahitaji mwenzake wa kuibishia.

Hatusemi watu waache kusali. Barua ya kwanza ya Yohane, sura ya 4, inawaagiza waamini wazipime roho. Kumwamini Mungu ni jambo moja. Kumwamini kila anayesema kwa jina lake ni jambo lingine kabisa.

Basi ninyi wazazi, walimu na viongozi wa vyama, mbele ya mtoto kutolewa nyumbani, ulizeni: Nani aliona? Aliona nini hasa? Na ni kitu gani kingemfanya nabii akubali kwamba amekosea? Kama swali la tatu halina jibu, huyo hajui kitu. Mtoto abaki kwao.