Roboti, Mgonjwa na Kitanda Namba Sita

Katika wodi nyingi, ripoti ya kubadilishana zamu husikika hivi: "Kitanda namba sita kimepewa dawa, namba tisa kinasubiri vipimo." Lugha hiyo huokoa muda, wala haina nia mbaya. Hata hivyo, mtu mwenye jina, watoto na hofu zake huondolewa katika ngeli ya viumbe hai na kuwekwa miongoni mwa vitu.

Safari ya kinyume inapatikana katika The Murderbot Diaries, mfululizo wa hadithi za kubuni za kisayansi wa mwandishi Mmarekani Martha Wells, ulioanza kuchapishwa mwaka 2017. Msimulizi ni roboti ya ulinzi, nusu mashine, nusu tishu za binadamu. Kiingereza humtaja kwa kiwakilishi cha kitu, wala hilo halimkeri. Kiswahili hakiulizi kama ni mume au mke, bali humlazimisha msomaji kuamua jambo jingine: aseme "hiyo" au "huyo"?

Mwanzoni mwa kitabu cha kwanza, All Systems Red, mnyama mkubwa anawashambulia watafiti wawili. Mmoja anajeruhiwa vibaya. Wa pili anagandishwa na hofu, hawezi hata kupiga hatua. Mlinzi, ambaye naye ameumia, anaruhusu uso wake uonekane nyuma ya kioo cha kofia, anamsemesha mtafiti huyo kwa upole na kumwongoza hadi mahali pa usalama. Huruma hiyo hakuamriwa. Kifaa kilichomlazimisha kutii alikwisha kukidhibiti kwa siri, na muda wake ameutumia, karibu saa 35,000, kwa tamthilia, vitabu na muziki. Hadithi zimekuwa shule yake ya hisia.

Baadaye mkuu wa watafiti, Dkt. Mensah, anamkaribisha aketi pamoja nao. Anapoona kwamba kutazamwa kunamtesa, anamwacha aende zake. Hilo nalo ni tiba: mgonjwa anayekwepa macho ya daktari si lazima awe mkaidi.

Wapo watakaosema kwamba wagonjwa ni wengi, wahudumu ni wachache, na moyo usiohisi ndiyo ngao pekee. Hoja hiyo ina uzito. Muuguzi aliyechoka hadi kufa ganzi anastahili mapumziko na msaada, si karipio. Lakini roboti huyo hakutupa kofia yake. Aliuonyesha uso wake kwa dakika chache, pale mtu mmoja alipouhitaji. Hakuna anayedai zaidi ya hapo.

Tena jambo hili si la adabu tu. Shirika la Afya Duniani linashauri mgonjwa atambuliwe kwa angalau vitambulisho viwili, kama jina na tarehe ya kuzaliwa, wala kisiwe namba ya chumba chake. Sababu iko wazi: mgonjwa huhamishwa, kitanda hubaki, na dawa iliyoandikiwa kitanda humfikia mtu mwingine.

Basi ripoti ya zamu iongezwe maneno mawili: jina la mtu na jina la baba yake. Mgonjwa naye asione aibu kulitaja jina lake kabla ya maradhi yake. Ikiwa msomaji anaweza kumwita roboti "huyu", aliyelala kitanda namba sita hastahili kuitwa "hiki".