Mswada Uliorudi Si Maiti

Iko methali moja ambayo imegeuzwa kuwa shoka la kukatia matumaini ya watu. Mwalimu akiandika hadithi usiku kwa mwanga wa taa yake, akaipeleka kwa wachapaji, nayo ikarudi baada ya miezi sita pamoja na barua ya mistari mitatu, wenzake hukutana barazani, hutikisa vichwa, husema, "Asiyekubali kushindwa si mshindani." Maana yao ni kwamba achome karatasi zake, arudie chaki na jembe. Sisi twasema methali hiyo ni njema, lakini hapo imewekwa mahali pasipo pake.

Hatusemi haya kwa kusikia tu. Sisi wenyewe tulipata kurudishiwa daftari, na kwa hasira na aibu tukalipeleka jikoni liwashie moto. Hadithi ile hatukuweza kuiandika tena. Mchapaji hakuiua, yeye alisema tu kwamba haimfai. Tulioiua ni sisi, na washauri wetu wakatusifu kwa kuwa na akili.

Hebu, ndugu wasomaji, tutazame maana ya kukataliwa. Mchapaji ni mfanya biashara kama mwenye duka. Hununua karatasi na wino, hulipa wafanyakazi, kisha hungoja wanunuzi. Akikataa mswada, huenda hadithi ni mbovu. Huenda ni ndefu kupita fedha zake. Huenda anayo nyingine ya namna ile ile. Au huenda hajui kama wako watu wa kuinunua. Katika sababu hizo nne, ni moja tu inayohusu ubora wa kazi, na hata hiyo yahusu mswada mmoja, si mtu mwenyewe. Basi kwa nini sisi barazani twatoa hukumu moja kwa zote nne?

Tumtazame Chinua Achebe wa Nijeria, aliyezaliwa mwaka 1930, mtoto wa mwalimu wa dini wa misheni. Aliandika hadithi ndefu kwa mkono. Mwaka 1956 alikwenda London kujifunza kazi ya utangazaji, na mwalimu wake mmoja huko akaisoma, akaisifu, akataka kuipeleka kwa wachapaji. Achebe hakukubali, maana aliona haijaiva. Akarudi nayo kwao, akakata sehemu kubwa, akaandika upya. Mwaka 1957 akaituma London kwa posta ipigwe taipu, akatuma na ujira. Mswada ule ulikuwa wa pekee; hakuwa na nakala nyingine. Miezi ikapita, akaandika barua, asipate jibu. Hata bibi mmoja, mkubwa wake kazini, alipokwenda Uingereza kwa likizo, akaingia katika ofisi ile na kuwadai. Mswada ukaonekana umetupwa pembeni, umejaa vumbi. Nao ulipokwisha kupigwa taipu, wachapaji wengine waliukataa, wakisema hadithi za Waafrika hazina soko. Mwishowe kampuni ya Heinemann ikaukubali, na Juni 1958 ikatoa nakala 2,000 tu. Kitabu hicho, Things Fall Apart, kimefasiriwa katika lugha zaidi ya 50, na kwa Kiswahili kikaitwa Shujaa Okonkwo. Nakala zilizouzwa zahesabiwa kwa mamilioni.

Na hapa kwetu, Shaaban Robert alifariki mwaka 1962. Utubora Mkulima na Siku ya Watenzi Wote vilitoka mwaka 1968, mwenyewe akiwa kaburini. Kama karatasi zile zingalitiwa motoni, leo tungalisoma nini?

Wapinzani wetu watajibu, "Hao walikuwa na vipawa, na wewe si Achebe." Ni kweli. Lakini mwaka 1957 hata Achebe hakujulikana kuwa ni Achebe. Vumbi lilikaa juu ya mswada wake kama linavyokaa juu ya mswada wa mtu ye yote. Aliyetaka kukijua kipawa hicho ilimpasa kwanza kuupangusa.

Wala hatuwatetei waandishi wasioambilika. Yuko mtu ambaye, akirudishiwa kazi yake, husema mchapaji ana chuki, asibadili hata nukta moja, akatuma makosa yale yale kwa mwingine. Huyo si mvumilivu, ni mkaidi. Uvumilivu una kazi zake: kuisoma barua ya mchapaji mara ya pili hasira ikiisha, kukata yasiyofaa, kunakili yote kabla ya kwenda posta, kutuma tena, na wakati wa kungoja jibu, kuanza hadithi nyingine.

Mshindani hukubali kushindwa mchezo ukiisha. Lakini mswada uliorudi umo mkononi mwa mwenyewe, na kalamu i mezani. Ni nani aliyepiga filimbi ya mwisho? Basi siku mwenzetu atakapopokea bahasha yake nene iliyorudi, tusimpe methali. Tumpe kiti, asome kwa sauti, nasi tumwambie kwa haki mahali tulipochoka kusikiliza. Huo ndio msaada ambao sisi tuliukosa siku ile tulipowasha moto.