TUMBO HALINA KOVU



Iko hoja tunayoisikia mara nyingi vinywani mwa wenzetu wa maofisini: ati askari mstaafu mwenye mikono yake miwili na miguu yake miwili hana ulemavu wa kudai, kwani tumbo humuuma kila mtu. Sisi makarani wa Wesha twaikataa hoja hiyo.

Katika vita vya 1914–1918 Waingereza waliwaandika wapagazi wa Kariakoo kwa malaki katika Afrika ya Mashariki. Wafu waliotiwa daftarini walipita 40,000, na wenye elimu ya historia hukisia kuwa kwa kweli walikaribia 100,000. Walio wengi hawakuuawa na risasi, bali na maradhi, na kuhara damu kulikuwa mbele. Watu waliozoea ndizi au mtama walipewa unga wa mahindi wa chenga, nao mara nyingi ukaliwa haujaiva. Basi aliyerudi kwao na matumbo yaliyoharibika angaliweza kuonyesha nini? Jeraha la risasi hata kipofu hulijua kwa kupapasa. Na jina lake pengine liliandikwa vibaya na karani (naam, karani kama sisi), hata mishahara ya maelfu ya marehemu ikakosa wenyewe.

Walakini njia ya haki yajulikana. Mwaka 1943 Uingereza iliwaondolea askari wake mzigo wa kuthibitisha: penye shaka, mdai ndiye apewaye. Marekani nayo, kwa askari waliotumikia Ghuba tangu 2 Agosti 1990, huyahesabu maradhi ya matumbo ya kudumu yasiyo na kidonda kionekanacho kuwa yametokana na utumishi. Wala hatuoni kuwa hiyo ni sadaka. Kambini, nani aliyewekwa kuandika kila aendaye chooni?

Kwetu wapo waliorudi kutoka vita vya Kagera vya 1978–1979, nao sasa ni wazee. Mmoja wao akija na dai la tumbo, asirudishwe kwa kukosa karatasi ya miaka arobaini na zaidi. Sisi wa gatini twajua: gunia likipoteza hati yake halipotezi uzito. Twataka Chama kiombe kwa maandishi kwamba ushahidi wa wenziwe waliokula naye chungu kimoja upokewe, apimwe na daktari bila ya malipo, na anayetaka kumkatalia ndiye alete cheti.