Kampuni iliyomnyima Mary Wells urais nayo yamezwa

NOVEMBA 26, 2025, kampuni ya Omnicom ya Marekani ilikamilisha ununuzi wa mshindani wake wa miaka mingi, Interpublic, na kuzaa kundi kubwa kuliko yote duniani katika biashara ya matangazo. Siku tano baadaye wafanyakazi walitangaziwa kwamba nafasi za kazi zipatazo 4,000 zingefutwa, na kwamba majina matatu yenye historia katika tasnia hiyo, DDB, FCB na MullenLowe, yangeondolewa milangoni.

Msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi anaweza kuipita habari hiyo kama habari nyingine ya matajiri wanaobadilishana hisa. Hata hivyo, imebeba kisa cha mwanamke ambaye hakuishi kuishuhudia. Mary Wells Lawrence alifariki dunia London Mei 11, 2024, akiwa na umri wa miaka 95, miezi saba kabla mpango huo, uliokadiriwa kuwa na thamani ya dola bilioni 13, haujatangazwa. Kampuni iliyomezwa ndiyo iliyomnyima cheo mwaka 1966, na moja ya majina yaliyofutwa ni la nyumba alikojifunzia kazi.

Alizaliwa mwaka 1928 Youngstown, Ohio, mji wa viwanda vya chuma. Alianza kwa kuandika matangazo ya duka la nguo na bidhaa za nyumbani mjini kwake, akahamia New York, na kabla hajafikisha miaka 25 alikuwa akisimamia matangazo ya mitindo katika duka maarufu la Macy's. Baada ya kupita McCann-Erickson, mwaka 1957 aliingia Doyle Dane Bernbach, ambayo baadaye ilifupishwa kuwa DDB.

Nyumba hiyo ilikuwa ikibadilisha desturi za kazi. Hadi wakati huo mwandishi wa matangazo aliandika maneno yake, akayasukuma chini ya mlango wa mchoraji, na biashara ikaishia hapo. Bill Bernbach aliwaweka mwandishi na mchoraji chumba kimoja, wazo likazaliwa kwa pamoja. Tangazo la gari dogo la Volkswagen la mwaka 1959, lililowahimiza Wamarekani wapenda makubwa kufikiria kidogo, lilitoka katika vyumba hivyo. Mary Wells alikaa hapo miaka saba.

Mwaka 1964 alihamia Jack Tinker & Partners, kikosi kidogo ndani ya Interpublic. Kwa wateja wa dawa ya tumbo ya Alka-Seltzer, kikosi hicho kilionyesha vidonge viwili vikitumbukizwa katika glasi badala ya kimoja, na mauzo yakapanda. Kisha likaja shirika la ndege la Braniff. Ndege za enzi hizo zilikuwa za rangi ya bati, na mambo ndani yake yalifanana na ya kambi ya jeshi. Mary Wells na wenzake wakapendekeza kila ndege ipakwe rangi yake, mbunifu Alexander Girard akapewa kazi ya kupamba vyumba, na Emilio Pucci wa Italia akashona sare za wahudumu. Mwaka 1965 Braniff, shirika ambalo wengi hawakulijua, likawa gumzo.

Hapo ndipo penye fundo la kisa hiki. Kwa mujibu wa kitabu cha kumbukumbu zake kilichotoka mwaka 2002, Mary Wells alikuwa ameahidiwa urais wa Jack Tinker. Siku ilipofika, mkuu wa Interpublic, Marion Harper, alimwambia kwamba angepewa mamlaka yote ya rais isipokuwa jina lenyewe, kwa kuwa dunia haikuwa tayari kumpokea mwanamke katika cheo hicho. Alitoka akiwa amekasirika, na mwezi Aprili 1966 alifungua kampuni yake pamoja na wanaume wawili waliokuwa wenzake, Richard Rich na Stewart Greene. Wells Rich Greene ilianzia katika vyumba vya Hoteli ya Gotham, mama yake mzazi akipokea simu.

Simulizi nyingi za kumsifu huishia kwenye hasira hiyo, kana kwamba hasira peke yake hulipa kodi ya pango. Ukweli ni kwamba aliondoka na mteja. Braniff ilimfuata. Katika zama hizo wakala wa matangazo alilipwa kamisheni ya asilimia 15: kwa kila dola 100 ambazo mteja alitumia kununua nafasi gazetini au muda katika televisheni, dola 15 zilibaki kwa wakala. Mteja mmoja mkubwa alitosha kulipa mishahara ya kampuni changa bila mkopo wa benki na bila mfadhili. Mwanamke wa mwaka 1966, ambaye benki ya Marekani ingeweza kumtaka alete saini ya mume kabla ya kumkopesha, alipata mtaji wake kupitia mlango ambao haukuwa na mlinzi.

Kilichofuata kilikuwa kasi. Mwaka 1968 kampuni iliuza hisa zake kwa umma, na Mary Wells anatajwa kuwa mwanamke wa kwanza kuongoza kampuni iliyoorodheshwa katika Soko la Hisa la New York. Alikuwa ameolewa na Harding Lawrence, rais wa Braniff, mwaka 1967. Ili kuondoa maneno ya mgongano wa maslahi, kampuni iliachana na shirika lililoizaa na kuchukua matangazo ya TWA. Si wakuu wengi wa kampuni ambao wangethubutu kumwachia mteja wao wa kwanza.

Kazi yake inayokumbukwa zaidi ni ya mwaka 1977. Jiji la New York lilikuwa limenusurika kufilisika mwaka 1975, uhalifu ulitisha, na wageni walilikimbia. Idara ya biashara ya jimbo iliipa Wells Rich Greene kazi ya kuwarudisha. Steve Karmen akatunga wimbo, waigizaji wa Broadway wakasimama mbele ya kamera, na Milton Glaser akachora ule moyo mwekundu kati ya herufi tatu nyeusi, mchoro alioufanyia kazi bila malipo. Moyo huo leo upo kwenye fulana zinazouzwa hata Kariakoo. Haki idaiwe hapa: kampeni kubwa haina mzazi mmoja, na magazeti yaliyoandika tanzia za mwaka 2024 kana kwamba Mary Wells aliishona fulana hiyo kwa mkono wake yaliwapunja wengine. Yeye alijenga nyumba ambamo watu kama hao walitaka kufanya kazi, na hilo si jambo dogo.

Wala hakuwa kipenzi cha kila mwanamke. Tangazo lake moja la Braniff lilimwonyesha mhudumu wa ndege akivua vazi moja baada ya jingine safari ikiendelea, na abiria waliolengwa walikuwa wanaume wenye suti. Gloria Steinem, mwanaharakati na mwandishi, alimshutumu hadharani kwamba alipanda kwa kuwaridhisha wenye nguvu badala ya kuwapinga. Mary Wells naye hakujiita mpigania haki za wanawake, alijiona mfanyabiashara. Mabishano hayo hayajaisha, na yanasikika katika vikao vya wanawake wa Afrika Mashariki kila mmoja wao anapopewa kiti kikubwa: je, kiti hicho ni chake au ni cha wote? Jibu la haki ni kwamba aliwatumia wahudumu wale vibaya, na kwamba aliwapa waandishi wa kike waliomfuata mfano ambao hakuna hotuba ingeutoa. Yote mawili ni kweli.

Mwaka 1990 aliuza. Kampuni ya Kifaransa, BDDP, ilinunua Wells Rich Greene kwa kiasi cha dola milioni 160, naye akastaafu. Miaka minane tu baadaye, baada ya mteja mkubwa Procter & Gamble kuondoka, milango ikafungwa. BDDP yenyewe ilikuwa imenunuliwa na kampuni ya Kiingereza ya GGT, na mwaka huo huo wa 1998 GGT ikanunuliwa na Omnicom. DDB ilikuwa ndani ya Omnicom tangu mwaka 1986. McCann imeingia mwaka 2025 pamoja na Interpublic. Kwa maneno mengine, wakala kadhaa za matangazo alizopata kufanyia kazi mwanamke huyu New York, pamoja na ile aliyoianzisha, zimeishia katika tumbo moja.

Mtu atauliza ubaya uko wapi. Kiwanda cha saruji kikiuzwa, mtambo unabaki. Wakala wa matangazo hana mtambo. Mali yake hushuka kwa lifti kila jioni na kwenda nyumbani. Ndiyo maana mwanzilishi anapoondoka, mnunuzi hubaki na jina, madawati na mkataba ambao mteja anaweza kuuvunja kwa taarifa ya miezi michache. Na ndiyo maana tofauti kati ya kuongoza na kumiliki ni nzito katika biashara hii kuliko nyingine nyingi.

Tofauti hiyo ndiyo inayofaa kutazamwa wakati huu ambapo wanawake wanapewa uongozi. Septemba 1, 2025, Cindy Rose alianza kazi ya kuiongoza WPP ya Uingereza, mwanamke wa kwanza kufanya hivyo. Ni hatua ya kupongezwa, lakini alikabidhiwa usukani baada ya kampuni kuvuliwa ubingwa wa mapato na Publicis ya Ufaransa mwaka 2024 na baada ya onyo la faida lililoporomosha hisa zake. Nairobi ilikuwa imeona picha inayofanana. ScanGroup, iliyoingia katika soko la hisa la jiji hilo mwaka 2006 na baadaye kuwa chini ya WPP, ilimpoteza mwanzilishi wake mwaka 2021 katika mvutano na wakubwa wa London. Mwaka 2022 aliyeitwa kuongoza alikuwa Patricia Ithau. Watafiti wa Uingereza, Michelle Ryan na Alex Haslam, waliandika tangu mwaka 2005 kwamba wanawake huelekea kupewa uongozi pale mambo yanapokuwa yameharibika. Bodi huwa haziwaonei haya wanawake zinapotafuta wa kuzima moto.

Njia ya pili, ya kumiliki, nayo imepitiwa hapa kwetu. Gina Din-Kariuki aliacha kazi ya benki na mwaka 1997 akafungua kampuni yake ya mawasiliano mjini Nairobi, wakati ambapo makampuni mengi ya Kenya yaliona uhusiano na umma kuwa kazi ya kugawa taarifa kwa waandishi na kuandaa chai. Kama ilivyokuwa kwa Mary Wells, aliyokuwa amejifunza na watu aliokuwa amejuana nao akiwa ameajiriwa ndiyo yaliyokuwa mtaji.

Mlango huo umekuwa mwembamba zaidi leo. Kamisheni ya asilimia 15 imebaki historia. Wakala hulipwa kwa saa au kwa kazi, na mteja hujadili kila shilingi. Sehemu kubwa ya fedha za matangazo huenda moja kwa moja Google na Meta, ambazo humwezesha mwenye duka kujitangaza mwenyewe kwa simu yake ya mkononi. Sasa kuna programu za akili unde zinazoandika maneno na kuchora picha kwa dakika chache, kazi iliyokuwa ngazi ya kwanza ya msichana aliyetoka Youngstown. Msichana wa namna hiyo akibisha hodi mwaka huu, huenda asikute ngazi ya kupandia.

Upande mwingine upo. Kufungua ofisi hakuhitaji tena vyumba vya hoteli wala mama wa kupokea simu, na makundi makubwa yanapoungana wateja wa kati huanza kulalamika kwamba hawahudumiwi na wakubwa bali na wanagenzi. Miongoni mwa watu 4,000 waliopoteza nafasi zao wamo wanaojua wateja hao kwa majina, wanajua bajeti zao na wanajua kinachowaudhi. Mikataba mingi ya ajira katika tasnia hiyo humzuia anayeondoka kuwafuata wateja kwa muda maalumu. Mwaka 1966 Braniff haikusubiri muda wowote; ilipiga simu Hoteli ya Gotham.