Uamsho Uanzie Mlangoni kwa Jirani

Jumapili asubuhi barabara za Kigali hujaa watu wenye Biblia kwapani. Wengine wanateremka kutoka Nyamirambo, wengine wanapanda Remera na Kimironko. Mama kambeba mtoto mgongoni, kijana kapakiwa kwenye pikipiki huku kalikumbatia gitaa lisije likagongana na ubavu wa teksi. Mji huu unasali. Jumamosi ya mwisho ya mwezi unazibua mitaro katika umuganda, kazi yetu ya pamoja, na kesho yake unaimba. Basi msomaji asidhani ninawapigia kelele wasiokwenda kanisani. Ninaowaandikia ni sisi tunaokwenda, tunaotoka kwenye mkesha alfajiri na sauti zimekauka, tukiambiana kwamba Bwana ametufanya upya, na ikifika Jumatatu yule tunayepakana naye ua hajaona tofauti yoyote.

Mwaka 2018 wakuu wa mji walifunga makanisa zaidi ya 700 hapa Kigali. Walisema majengo si salama, mengine hayana vyoo, na kelele zimezidi. Sheria iliyotoka mwaka huo ikawataka wanaoongoza makanisa wawe wamesomea theolojia. Mwaka 2024 ukaguzi ukarudi, safari hii nchi nzima, na nyumba za ibada kwa maelfu zikapigwa kufuli. Nilisikia wengi wakilia kwamba uamsho umezimwa. Sikatai kwamba waliofungiwa walipata hasara, na wapo walioona uchungu kwa haki. Lakini, wapendwa, kipaza sauti si Roho Mtakatifu. Kama imani yetu ilikaa ndani ya spika mbili na jenereta, basi aliyezima umeme hakutunyang'anya kitu kikubwa.

Tena sisi wa Rwanda ndio tungepaswa kulijua hilo kuliko majirani zetu wote. Uamsho ulioitikisa Afrika Mashariki chimbuko lake kubwa ni Gahini, kando ya Ziwa Muhazi, upande wa Kayonza. Daktari kijana Mwingereza, Joe Church, alifika pale mwaka 1928 na kukuta njaa iliyoitwa Rwakayihura ikiwamaliza watu. Septemba 1929 alikwenda Kampala akiwa hoi, mwili na roho. Kule kilimani Namirembe akakutana na Mganda mmoja, Simeoni Nsibambi, naye pia alikuwa na kiu ile ile. Wakakaa siku mbili na Biblia, wakisoma habari za Roho Mtakatifu na kuomba. Mzungu na Mwafrika, katika zama za ukoloni, wamepiga magoti pamoja na kila mmoja anakiri kwamba amepungukiwa: wa kwanza kushangaa walikuwa wamisionari wenyewe.

Hata hivyo Gahini haikubadilika kwa sababu daktari amerudi na moyo mpya. Hospitali yake ya pale ilikuwa na manung'uniko, wafanyakazi hawaelewani, na msaidizi mkuu Yosiya Kinuka alikuwa ameichoka kazi. Akapelekwa Kampala kwa Nsibambi. Nsibambi akamuuliza habari za hospitali, naye Kinuka akayamwaga yote yaliyomkaa kooni. Mtu mwenye adabu za kawaida angempa pole. Nsibambi alimwambia kwamba hospitali imeharibika kwa sababu ya dhambi iliyo moyoni mwake yeye Kinuka. Ni jibu gumu, na sijui ni wangapi kati yetu tungerudi tena kwa mwenyeji wa namna hiyo. Kinuka alisalimu amri akiwa njiani kurudi nyumbani, na waliofanya naye kazi wakaona kwamba aliyerudi ni mtu mwingine.

Uamsho wetu ulianzia hapo: kwa mfanyakazi wa hospitali aliyeacha kuhesabu makosa ya wenzake. Miaka michache baadaye, mwaka 1936, Gahini ikawaka. Blasio Kigozi, ndugu yake Nsibambi, aliyekuwa mwalimu pale, alikwisha kufariki kwa homa Januari ya mwaka huo huo, kijana bado, hakuwahi kuyaona mavuno. Watu walilia usiku, wakaungama mbele ya wenzao, vitu vilivyoibwa vikarudishwa kwa wenyewe, madeni yaliyosahauliwa na mdai yakalipwa na mdaiwa. Kutoka hapo habari ikapita Kigezi na Buganda huko Uganda, ikafika Kenya mwaka 1937, ikavuka kwenda Buhaya huko Tanganyika. Mpaka leo mzee wa Bukoba asiyejua neno jingine la Kiganda anakijua kiitikio cha walokole, yaani watu wa uamsho huo, na ukimwambia "Bwana asifiwe" atakuitikia kabla hajauliza jina lako.

Walokole wale walikuwa na msemo wao: kutembea nuruni. Maana yake ilikuwa ya kawaida kabisa na ya kuogofya kabisa. Nimekuchukia, nakwambia nimekuchukia. Nimekuibia, hii hapa. Hawakuambiana tu "tuombeane". Msomaji afungue sura ya 19 ya Injili ya Luka amwangalie Zakayo: mtoza ushuru yule hakuahidi kujiunga na kwaya, alitaja nusu ya mali yake na malipo mara nne kwa kila aliyemdhulumu, na ni baada ya hesabu hiyo Yesu alipotangaza kwamba wokovu umeingia nyumbani mwake. Na yule mwenye sadaka mkononi katika Mathayo 5, akikumbuka kwamba ndugu yake ana neno juu yake, anaambiwa aiache sadaka pale pale madhabahuni aende kwanza kupatana. Siku hizi mtoa sadaka akisimama na kutoka nje katikati ya ibada, wahudumu watamfuata wakidhani anaumwa.

Najua atakayenijibu: dhambi yangu ni kati yangu na Mungu, kwa nini niianike? Ndugu yangu, kama uliyemkosea ni Mungu peke yake, nyamaza na uombe chumbani. Lakini kama ulisogeza alama ya mpaka wa shamba la mjane, Mungu hakuwa na shamba pale. Msichana anayekufulia na kukupikia, uliyemwambia asubiri mshahara wake wa miezi miwili, hajakusamehe kwa sababu tu ulilia kwenye maombi ya Ijumaa. Na sisemi kila jambo litangazwe kwenye kipaza sauti, la hasha. Hata kwa walokole wa zamani maungamo yaligeuka mara nyingine kuwa mashindano, kila mtu akitafuta dhambi kubwa zaidi ya kusimulia, wakafika hadi kugawanyika juu ya nani ameamka kweli na nani bado amelala. Dhambi ipelekwe kwa yule iliyemuumiza. Umati hauhusiki.

Lipo swali zito zaidi, na mtu wa Kigali akiandika habari za uamsho bila kulijibu, kalamu yake ni ya uongo. Kama Rwanda ndiyo mama wa uamsho, 1994 ilitoka wapi? Mwaka 1946 Mwami Mutara Rudahigwa aliikabidhi nchi hii kwa Kristo Mfalme. Sensa ya 1991 ilikuta watu tisa katika kila kumi wanajiita Wakristo. Miaka mitatu baadaye, katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, watu walikimbilia Ntarama na Nyamata kwa sababu ni makanisa, wakauawa ndani yake. Huko Nyange kanisa lilibomolewa kwa tingatinga huku waumini wamo ndani, na padri wa parokia hiyo, Athanase Seromba, alihukumiwa kifungo cha maisha na mahakama ya kimataifa ya Arusha mwaka 2008. Waliouawa na waliowaua walikuwa wamebatizwa kwa maji yale yale.

Jibu langu ni hili, na asiyelipenda aniandikie. Tuliungama tulivyozoea kuungama. Pombe tuliiungama, uzinzi tuliuungama, na sigara, na kuku wa kuibwa. Kabila lililoandikwa kwenye kitambulisho halikuletwa nuruni. Kulikuwa na nyumba za walokole zilizoimba jioni na bado usiku zikanong'ona juu ya wale wengine, na hakuna aliyesimama siku ya ushirika akasema, ninawachukia watoto wa fulani kwa kuzaliwa kwao. Mficha maradhi kifo humfichua. Kwetu kifo kilifichua taifa zima.

Lakini asinidanganye mtu kwamba moto ule ulikuwa bure. Israel Havugimana, mhubiri wa hapa Kigali, Mhutu, aliyewaleta pamoja watu wa pande zote mbili waseme ukweli kati yao, aliuawa siku ya kwanza, tarehe 7 Aprili 1994. Félicité Niyitegeka wa Gisenyi, naye Mhutu, aliwaficha Watutsi. Nduguye aliyekuwa ofisa wa jeshi akamwita ajiokoe, akakataa kuwaacha, akafa pamoja nao. Hawa waliyaweka mahesabu yao sawa na jirani mapema, kabla panga halijainuliwa. Aliyengoja mpaka siku ile hakuwa na muda tena.

Na baada ya hapo? Padri Ubald Rugirangoga, aliyefariki Januari 2021, alipoteza zaidi ya watu 80 wa ukoo wake. Alimsamehe aliyehusika na kifo cha mama yake, akamsomesha mtoto wa mtu huyo. Habari hiyo inajulikana na husimuliwa sana. Linalosimuliwa kidogo, na ambalo mimi naliona kubwa zaidi, ni utaratibu alioufanya katika parokia ya Mushaka, huko Rusizi. Aliyetoka gerezani kwa kosa la mauaji ya kimbari hakuruhusiwa kujipanga moja kwa moja kwenye mstari wa komunyo. Alipitia mafundisho ya miezi sita, na ilimpasa amwendee aliyemwulia ndugu zake, amwombe msamaha uso kwa uso. Ndipo aliporudishwa mezani, mbele ya parokia, mkosaji na mkosewa pamoja. Mkosewa naye aliandaliwa, maana haki yake ya kusema "bado siwezi" haiondolewi na wimbo.

Linganisha hilo na haraka tuliyonayo. Kwetu mtu huitwa mbele saa nne, akaombewa, akashuhudia saa nne na nusu, na Jumapili ijayo anashika kipaza sauti. Nawauliza wachungaji wa Kigali, kwa heshima zote: ni kanisa gani kati ya yenu linalomwambia mtu aliyeokoka jana, subiri kwanza, nenda kwa uliyemdhulumu, kisha urudi utuambie? Wengi wenu mmesomea theolojia sasa, kama sheria inavyotaka. Kipimo cha Mushaka hakihitaji shahada.

Mwaka 2018, mwaka ule ule wa kufungwa makanisa ya Kigali, huko Kabuga, ndani ya wilaya ya Gasabo katika mji wetu huu, yaligunduliwa makaburi ya halaiki. Nyumba zilikuwa zimejengwa juu yake. Ilipita miaka 24 tangu mauaji, ibada za Jumapili zaidi ya elfu moja, Krismasi na Pasaka, na mikesha isiyohesabika, na waliojua walikuwa wamenyamaza. Manusura waliendelea kuuliza mama yao yuko wapi. Siwezi kuamini kwamba katika wote waliojua hakuna hata mmoja aliyekuwa akiitwa mpendwa kanisani kwake.

Kwa hiyo, msomaji, kabla hujaandika jina lako kwenye orodha ya mfungo ujao, mlipe msichana wa kazi. Rudisha alama ya mpaka ilipokuwa. Mpigie simu ndugu uliyeacha kuongea naye tangu ule urithi ugawanywe, na usianze na udhuru. Na kama unajua, au baba yako alikuambia kabla hajafa, walikotupwa watu wa kilima chenu, nenda ofisi ya akagari, serikali ya mtaa wenu, wiki hii ukaonyeshe mahali. Usingoje Aprili ya maombolezo ifike.