Msiulize Kusudi Kabla Hamjatoa Hesabu

Najua nimepotea, UE zinakaribia na madesa yamenifunika hadi masikioni. Ila leo nina la kusema, na naomba mnisome mpaka mwisho kabla hamjaanza kunipigia simu.

Nimechoka na neno "kusudi".

Neno lenyewe halina kosa, nimechoka na jinsi tunavyolitumia hapa chuoni. Kila mtu akifika kwenye kona ya maisha (matokeo ya kidato cha sita, kuingia chuo, sapu, mchumba kusepa, na hasa hasa mwaka wa tatu pale unapoanza kuhesabu wiki zilizobaki) dawa ni moja, semina ya kusudi. Bango linabandikwa, mhubiri anatoka mbali, tunafunga siku tatu, halafu tunakaa tukisubiri Mungu atufunulie ukurasa unaofuata. Huu ukurasa tulionao mkononi hakuna anayeuliza tumeuandikaje.

Mstari unaopendwa kuliko yote kwenye semina hizi ni Yeremia 29:11. Umo kwenye kava za simu, kwenye kadi za mahafali, mpaka kwenye vioo vya daladala. Haya, fungua Biblia yako uanze mstari wa kwanza. Ile ni barua jamani. Yeremia yuko Yerusalemu, anawaandikia watu ambao Nebukadneza amewachukua mateka hadi Babeli. Hiyo ni kona kweli, sio kona ya kukosa hosteli. Na manabii wa kuwatia moyo walikuwepo tele. Sura ya 28 inamtaja mmoja, Hanania, aliyetangaza kwamba ndani ya miaka miwili kila kitu kitakuwa kimerudi. Leo huyo tungemwandalia ukumbi na maji ya chupa. Yeremia akasema hapana, ni miaka 70. Maana yake wengi waliosikia ile barua ikisomwa wangezikwa hukohuko.

Sasa katikati ya hiyo miaka 70 wafanye nini? Anawaambia kuanzia mstari wa 5: wajenge nyumba wakae, wapande bustani wale matunda yake, waoe na kuzaa, na mji uleule uliowateka wautafutie amani na kuuombea. Ndo hivyo. Ule mstari wa 11 mnaoupenda umekuja baada ya jembe. Ukiuchomoa peke yake unabaki na ahadi isiyo na kazi, na ahadi ya namna hiyo alikuwa nayo Hanania.

Kuna neno lingine ambalo kwenye semina hizi silisikii kabisa, uwakili. Labda kwa sababu siku hizi ukisikia wakili unamwona mtu wa suti nyeusi pale Kisutu. Kwenye Biblia yetu ya Kiswahili wakili ni msimamizi wa mali isiyo yake. Yule wa Luka 16 alifika kwenye kona kubwa ya maisha yake, anafukuzwa kazi, na kitu cha kwanza alichodaiwa ni hesabu. Bosi hakumuuliza ana ndoto gani.

Na ule mfano wa talanta (Mathayo 25) tunausoma kama vile yule wa talanta moja alionewa. Talanta haikuwa kipaji cha kuimba, ilikuwa kipimo cha fedha, kama dinari 6,000 hivi. Dinari moja ndiyo waliyokuwa wanalipwa vibarua wa shamba la mizabibu kwa siku, ipo Mathayo 20. Piga hesabu, kwa siku 300 za kazi kwa mwaka ule ni mshahara wa miaka 20. Hakuna maskini kwenye ule mfano! Yule bwana wa mwisho alikabidhiwa utajiri, akauchimbia chini akakaa kusubiri. Nadhani na yeye alikuwa anasubiri kufunuliwa.

Tuje kwetu. Bumu. Ukweli ambao hatupendi kuusikia siku pesa inapoingia ni kwamba lile ni deni. Bodi ya Mikopo ilianzishwa kwa sheria ya 2004, na tangu sheria ilipobadilishwa 2016 mnufaika mwenye ajira anakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Hapo ujue wewe si mwenye mali, ni wakili. Halafu anakuja mtu anakwambia "panda mbegu" ya bumu lako ili kusudi lako lifunguke, na wewe ambaye desa la shilingi elfu mbili unaazima, unatoa elfu thelathini huku unalia machozi. Mimi hapo siiti imani. Ukitoa, toa kwa hesabu, ukijua unatoa nini na kinaenda wapi.

Mwalimu Nyerere alikuwa akimfananisha msomi na mtu aliyepewa chakula chote kilichobaki kijijini wakati wa njaa, ili apate nguvu za kwenda mbali kuwaletea wenzake chakula. Asiporudi ni msaliti. Mwalimu alisema kama kiongozi wa nchi, lakini ukiniuliza mimi, huo ni uwakili kuliko semina tano.

Kuna atakayesema nahubiri sheria, neema iko wapi. Swali la haki. Kuna mwenzetu amedisko muhula uliopita, kuna aliyefiwa na baba katikati ya mitihani, siwezi kwenda kumwambia alete hesabu. Anatakiwa kuliwa na mtu, kukaa naye, kupikiwa. Lakini hata huyo semina inamdanganya, maana inamwambia maisha yake ya kweli hayajaanza. Mwangalie Yusufu. Mwanzo 37 ana miaka 17, anauzwa. Mwanzo 41 ana miaka 30, amesimama mbele ya Farao. Hiyo miaka 13 katikati, humo ndani yumo nyumbani kwa Potifa anasimamia mali za watu, yumo gerezani anaangalia wafungwa wenzake. Alipokuja kupewa ghala za Misri hakupewa kazi mpya. Ni ileile aliyokuwa anaifanya kwenye giza.

Na tusiseme ni mambo ya zamani sana. John Wesley, muasisi wa Wamethodisti, alihubiri habari za kijana mmoja wa Oxford, na wengi wanaamini alikuwa anajisema mwenyewe. Mwaka wa kwanza alipata paundi 30, akaishi kwa 28, akatoa 2. Mwaka uliofuata akapata 60, akaishi kwa zile zile 28. Kisha 90, kisha 120, matumizi 28 hayakusogea, zilizobaki zote kwa maskini. Kila mwaka kipato kilipanda, na sidhani kama kuna aliyehitaji kumtabiria kusudi.

Sasa kwa nini nimeandika haya leo. Kwenye ushirika wetu tumetangaziwa mchango wa shilingi 10,000 kila mtu, kwa ajili ya semina ya kuwaaga wa mwaka wa tatu. Mada mshaijua. Wakati huohuo kuna dada wa mwaka wa kwanza, anasali na sisi safu ya tatu, mkopo wake haujatoka na anakunywa uji asubuhi na jioni basi. Wanaokaa naye wanajua. Viongozi wanajua. Amewekwa kwenye orodha ya maombi.

Mapato na matumizi ya mwaka huu hayajasomwa hata mara moja. Mkutano ni Jumamosi saa nne, ukumbi uleule. Nimeshamwambia mhazini kwa heshima zote kwamba nitanyoosha mkono, ili asije akasema nimemshtukiza. Elfu kumi yangu ninayo mfukoni, na kama hesabu hazitasomwa najua inaenda chumba namba ngapi.