MRI Haitakuambia Kama Mtoi Wako Ana Usonji, Usikamuliwe Chapaa Bure

Mzazi wa mtoi aliyefika miaka 3 bila kuongea huambiwa vitu mob. Shosho anasema ataongea tu, hata babake alichelewa. Jirani ashaamua ni laana. Halafu kuna yule msee anayejua kila kitu: mpeleke akapigwe MRI, ubongo utaonyesha. Huyu wa mwisho ndiye hatari zaidi, juu anakaribia ukweli.

Ni kweli ubongo wa wenye usonji hukua tofauti, na mapema sana. Mwaka wa 2017, wanasayansi wa Marekani walichapisha utafiti kwenye jarida la Nature. Walipiga picha ubongo wa watoto wachanga 106 ambao ndugu zao wakubwa walikuwa na usonji. Kwa wale waliokuja kupatikana nao, gamba la nje la ubongo lilitanuka haraka kuliko kawaida kati ya miezi 6 na 12, kabla dalili zionekane vizuri. Kompyuta ikasoma hizo picha na kubashiri vizuri sana.

Lakini skiza. Hao walikuwa watoto wa familia ambazo usonji tayari uko, si mtoi yeyote wa mtaani. Na mwaka wa 2018 watafiti wakakusanya picha za watu zaidi ya 3,000, wa umri wa miaka 2 hadi 64, karibu nusu wakiwa na usonji. Tofauti zilikuwepo: gamba la mbele nene kidogo, la pembeni jembamba kidogo. Ni hilo neno "kidogo" watu huruka. Ni kama urefu. Kwa wastani wanaume ni warefu kuliko wanawake, lakini nikikuambia kuna mtu wa futi 5 na inchi 7, huwezi jua ni nani.

Kwa hivyo daktari akiitisha MRI, mara nyingi anatafuta kitu kingine, kama chanzo cha kifafa. Muulize ni nini. Una haki.

Usonji wenyewe hutambuliwa kwa kumwangalia mtoi: ukimuita jina anageuka? Anakuonyesha vitu kwa kidole? Alikuwa na maneno yakapotea? Apimwe masikio pia, juu asiyesikia vizuri pia hachangamkii jina lake. Serikali iko na vituo vya kupima watoto wenye mahitaji maalum, vinaitwa EARC. Uliza ofisi ya elimu ya kaunti.

Na wale wanaolaumu mathe wa mtoi? Madaktari Marekani walishafanya hivyo miaka ya 50, ati mama hana upendo ndio maana mtoto yuko hivyo. Iliumiza wamama wengi, na ilikuwa uongo mtupu. Hizo picha za ubongo, hata kama haziwezi kumpima mtoi mmoja, zimesaidia kuzika hiyo stori. Chapaa ya MRI moja Nairobi inaweza kulipia vikao kadhaa na mtaalamu wa kumfundisha mtoi kuwasiliana.